Guru Purnima nyumbani: namna ya kumheshimu guru siku ya mwezi mpevu, na maana ya kila kitendo

Guru Purnima, sikukuu ya kumheshimu guru, yaani mwalimu, ni siku ya mwezi mpevu wa Ashadha katika kalenda ya Kihindu, na kwa kawaida huangukia Julai. Huitwa pia Vyasa Purnima, kwa kuwa ndiyo inayoadhimishwa kama siku aliyozaliwa Vyasa. Huyu ndiye mjuzi wa kale anayeaminiwa kuipanga Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, katika mafungu manne na kumkabidhi kila mwanafunzi fungu lake: Paila alipewa Rigveda, Vaishampayana Yajurveda, Jaimini Samaveda, na Sumantu Atharvaveda. Tazama vizuri alichofanya. Elimu ilikuwa nyingi kupita uwezo wa mtu mmoja kuibeba, naye akaigawa ili isipotee. Siku hii haikuwekwa ili kumtukuza mtu kwa umbo lake au cheo chake. Imewekwa kwa ajili ya elimu iliyopita mkono kwa mkono mpaka ikakufikia wewe, na ibada yenyewe humwandaa mwanafunzi aweze kuipokea. Mambo yote yaliyo hapa chini, hata namna ya kukoroga maziwa, yanatokana na hilo.

Msomaji wa Kiswahili ana hatua moja mbele. Shikamoo, kama wengi tulivyofundishwa, maana yake ni "nashika miguu yako". Mhindu humshika mkubwa wake miguu kwa mikono, sisi humshika kwa neno. Kwa hiyo kitendo kikuu cha siku hii, kuinama kwenye miguu ya mwalimu, si kigeni hata kidogo.

Kupata tarehe sahihi

Hapa ndipo wengi hukosea. Siku ya Kihindu inayohusu mwezi huitwa tithi, nayo ni muda ambao mwezi huchukua kuliacha jua nyuma kwa digrii 12. Muda huo haulingani na saa 24. Huweza kuwa kama saa 19 hadi 26, na huanza au kuisha saa yoyote ya mchana au usiku. Purnima ni tithi ya 15 ya nusu ya mwezi unaokua, nayo huisha pale pale mwezi unapotimia. Ukingoja uuone mwezi mpevu usiku ndipo uanze ibada, huenda Purnima imeshapita.

Chukua mwaka 2026. Mwezi unatimia tarehe 29 Julai, karibu saa 11 na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Purnima inaanza alasiri ya tarehe 28. Jua la tarehe 29 linachomoza Purnima ikiwa bado ipo, kwa hiyo Guru Purnima ni tarehe 29, na ibada ifanyike asubuhi. Lakini mwezi utakaochomoza jioni hiyo utakuta tithi imekwisha. Anayefunga Purnima kila mwezi na kufungua kwa kuuona mwezi aulize hekalu lake kama afunge tarehe 28. Mwaka 2026 sikukuu inachelewa kwa sababu kalenda imeongezewa mwezi mmoja wa Jyeshtha, kama inavyofanywa kila baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu hivi ili miezi isiachane na majira. Mwaka 2027 inarudi tarehe 18 Julai.

Usitumie kalenda ya Mumbai ukiwa Dar es Salaam au Nairobi. Tithi hubadilika kwa wakati mmoja dunia nzima, lakini jua letu huchomoza nyuma ya la India, na siku huhesabiwa kwa tithi iliyopo jua linapochomoza mahali ulipo. Tofauti hiyo ya saa chache inatosha kuhamisha sikukuu siku nzima. Chukua panchang, yaani kalenda ya Kihindu ya tithi, iliyokokotolewa kwa mji wako. Magujarati huiita siku hii Punam. Ukisikia "Ashadh Sud Punam", ni hiyo hiyo.

Kwa nini Ashadha? Kule India ndipo mvua za masika ya huko zinapokolea. Watawa ambao mwaka mzima walitembea kutoka kijiji hadi kijiji walisimama mahali pamoja, kwa kuwa njia hazipitiki na ili wasikanyage wadudu na machipukizi yanayojaa ardhini. Muda huo huitwa Chaturmas. Mwalimu asiyeshikika mwaka mzima sasa alipatikana, na masomo yakaanza kwa kumheshimu. Na kwa nini mwezi mpevu? Mwezi hauna nuru yake, huirudisha nuru ya jua. Guru wa kweli naye hadai kwamba nuru ni yake. Aliipokea kwa guru wake, na huyo kwa wake. Ndiyo maana ibada haimwangukii mtu mmoja, inaupitia mnyororo wote. Pwani yetu Julai ni kipupwe, mawingu ni machache, na mbalamwezi inayofichwa na mvua kule sisi mara nyingi tunaiona waziwazi.

Vitu vya kuandaa jana yake

Meza fupi au kiti kidogo, kitambaa safi cheupe au cha manjano, na picha ya guru au paduka, yaani viatu vya mti au vya fedha vinavyosimama mahali pa miguu yake. Weka vyote upande wa mashariki au kaskazini mwa chumba. Chungu kidogo cha shaba chenye maji, majani matano ya mwembe mdomoni mwake, na juu nazi kavu iliyofuliwa lakini imeachiwa kishungi, kishungi kikitazama juu. Maua: asumini, waridi au maua ya manjano yoyote yenye harufu nzuri, mradi usiyanuse kabla ya kuyatoa, kwa sababu kitu kilichonuswa kimeshatumika. Majani ya tulsi, jamaa ya mrihani, chuma jana yake. Nyumba nyingi haziuchumi mti huo siku ya Purnima yenyewe.

Mchele wa akshata: gao moja la mchele mzima, nusu kijiko cha chai cha manjano, na matone machache ya samli, sugua kwa vidole mpaka kila punje ishike rangi. Uchambue kwanza utoe chenga. Neno akshata lenyewe maana yake ni kisichovunjika, na chenga hata moja inaharibu maana ya unachokitoa. Usiuloweshe kwa maji mengi, utavimba na kunuka kabla ya mchana.

Msandali: sugua kipande cha mti kwenye jiwe la liwa kwa matone ya maji mpaka upate kijiko kimoja cha rojo. Wanawake wa pwani wanaijua kazi hii kuliko mtu yeyote. Rojo iwe nzito kiasi cha kutotiririka. Ikiwa nyepesi, alama uliyoipaka kwenye kioo cha picha itateremka hadi machoni.

Panchamrit, mchanganyiko wa vitu vitano: maziwa yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 5 vya chakula, mtindi vijiko 2, sukari kijiko 1, asali kijiko 1, samli nusu kijiko. Samli na asali zisilingane kipimo. Tiba ya kale ya Kihindi, Ayurveda, inaukataza ulingano huo, na ibada imelishika katazo. Samli ikiganda vipande vipande, maziwa yalikuwa baridi. Yaache yafikie joto la chumba kwanza. Na usiweke mtindi wala maziwa kwenye chombo cha shaba nyekundu. Asidi yake hula shaba, ladha hubadilika, na tumbo litakuambia. Shaba ni ya maji. Panchamrit itie kwenye bakuli la chuma kisichoshika kutu au la fedha.

Udi au vijiti vya ubani, taa ya samli yenye utambi wa pamba, vidonge 2 vya kafuri, popoo na majani 2 ya tambuu, matunda, na prasad, chakula cha kutoa. Utambi uloweke kwenye samli usiku kucha. Taa nyingi huzimika katikati ya ibada kwa sababu utambi uliwashwa ukiwa mkavu.

Prasad

Kinachofaa zaidi ni sheera, halua laini ya suji. Katika ibada za mwezi mpevu vipimo vyake hufuata "moja na robo", ile robo ikiwa ni ishara ya kutoa kwa ziada: suji kikombe 1¼, samli kiasi hicho hicho, sukari kiasi hicho hicho, maziwa vikombe 2½, ndizi mbivu 1, iliki 4 za kusaga, zabibu kavu kidogo. Kaanga suji kwa samli kwenye moto mdogo dakika 10 hadi 12, ukikoroga bila kuacha, mpaka inukie na kuanza kushika rangi ya dhahabu. Tia ndizi iliyopondwa, kaanga dakika moja. Kisha mimina maziwa yanayochemka, funika dakika 3, halafu tia sukari na iliki. Ikifanya madonge, maziwa yalikuwa baridi. Ikiwa ya mchanga mdomoni, sukari ilitangulia kabla suji haijanywa maziwa.

Usionje. Huu ndio mtihani mgumu kwa mpishi yeyote, na ndiyo sababu vipimo vimekaziwa hapa. Sahani ya kwanza ni ya guru, na ukiionja umeshamlisha mabaki. Kitunguu, kitunguu saumu na mayai visikaribie sufuria hiyo.

Asubuhi yenyewe

Amka wakati wa Brahma muhurta, unaoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kudumu dakika 48. Jua likichomoza saa 12:35, hiyo ni tangu saa 10:59 hadi 11:47 alfajiri. Oga, vaa nguo safi, keti. Kabla ya kuwasha chochote, tia nia: taja mahali, siku, jina lako, na kwa ajili ya nini unafanya ibada hii. Itamke kwa lugha unayoielewa, Kiswahili kinatosha. Ibada isiyo na nia iliyotamkwa huishia kuwa mapambo.

Mkumbuke Ganesha kwanza kwa ua moja, ili vizuizi viondoke. Kisha Vyasa, kisha waalimu wa ukoo wako wa elimu ukiwataja mmoja mmoja, na mwisho guru wako. Watawa wanaofuata njia ya Shankara, mwanafalsafa wa kale wa Kihindu, hupanga ndimu juu ya mchele uliotandazwa kwenye kitambaa, kila ndimu ikisimama badala ya mwalimu mmoja, Vyasa na wanafunzi wake wanne wakiwemo. Nyumbani unaweza kuweka ndimu moja tu kwa mnyororo mzima.

Sasa miguu. Kama guru yupo mbele yako, mwombe ruhusa kwanza. Wengi hukataa kuoshwa miguu, na kukataa kwao kuheshimiwe bila kubembeleza. Akikubali: sinia pana chini ya miguu, jagi la maji ya vuguvugu kama lita 1, taulo jipya. Mimina polepole juu ya vidole gumba kwa mkono wa kulia, kwanza maji, kisha vijiko viwili vitatu vya panchamrit, kisha maji tena mpaka utelezi wa samli uishe. Futa katikati ya vidole. Mtu akiinuka na unyayo wenye samli huteleza kwenye sakafu ya vigae, na hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Kisha paka tone la msandali na kumkum, unga mwekundu wa ibada, kwenye kila kidole gumba kwa kidole chako cha pete, nyunyiza akshata, weka ua.

Kama ni picha, usiimwagie maji. Weka popoo moja kwenye kisahani mbele ya picha, iwe badala yake, uioshe hiyo. Paduka zioshwe kama miguu. Panchamrit ya kunywa itenge kwenye bakuli lingine tangu mwanzo. Ile iliyopita miguuni mwa mtu mwagia mti.

Kwa nini miguu na si kichwa? Miguu ndiyo iliyoitembea njia. Kuigusa ni kusema: njia uliyopita nataka niipite. Na kichwa chako, mahali unapoweka majivuno yako yote, kinafika chini kuliko kitu cha chini kabisa cha mwili wa mwenzako. Ishike miguu mikono ikipishana, wa kulia kwenye mguu wake wa kulia na wa kushoto kwenye wa kushoto. Usimguse guru anayekula, anayelala au aliye katikati ya ibada yake.

Baada ya hapo toa vitu vitano kwa mpangilio. Kila kimoja kina maana yake, na wakati wa kukitoa iseme moyoni. Msandali ni ardhi: mwili wangu. Ua ni anga: nafasi ndani yangu ya kupokea. Udi ni upepo: pumzi yangu. Taa ni moto: akili yangu. Chakula ni maji ya uhai: utamu wote ninaoutafuta. Ukiwa na haraka au ukiwa safarini bila kitu chochote, vitoe hivi vitano kwa fikra tupu. Ibada ya moyoni inahesabika kamili.

Halafu soma ubeti unaojulikana na kila Mhindu:

*Gurur Brahma, Gurur Vishnu, Gurur Devo Maheshwaraha,*
*Guruh sakshat Parabrahma, tasmai Shri Gurave namaha.*

Guru ni Brahma kwa kuwa anazaa ufahamu usiokuwepo, ni Vishnu kwa kuwa anautunza, na ni Shiva, ndiye Maheshwara, kwa kuwa anaua ujinga. Wapo wanaousoma ubeti huu kana kwamba unamfanya binadamu fulani kuwa Mungu asiyekosea. Neno lenyewe linatusahihisha: kwa mafundisho ya kale, *gu* ni giza na *ru* ni kinachoondoa giza. Linataja kazi. Pale giza linapoondoka, guru yupo.

Arati, yaani kuzungusha moto mbele ya guru au picha yake, humaliza. Washa kafuri, zungusha kwa mwelekeo wa saa: mara 4 miguuni, mara 2 kitovuni, mara 1 usoni, mara 7 mwili mzima. Vidonge viwili vinatosha. Zaidi ya hapo moshi mweusi hupaka picha masizi na mkono huungua. Usipulize moto kwa mdomo, uache ujimalize.

Tasbihi na ile shanga ya 109

Keti na mala yenye shanga 108, uiegemeze kwenye kidole cha kati na kuisogeza kwa kidole gumba. Kidole cha shahada kikae pembeni, kwa kuwa ndicho cha kunyooshea watu. Sema *Om Shri Gurubhyo namaha* kwa kila shanga. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 8. Utafika kwenye shanga kubwa yenye kishada. Hiyo ni ya 109, na huitwa guru. Huivuki. Unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Ishike hapo kidogo kabla ya kugeuka: hesabu yako yote imeanzia kwake na imerudi kwake, na yeye mwenyewe hakuhesabiwa.

Sadaka kwa guru

Dakshina hutolewa kwa idadi inayoishia na moja: 11, 101, 501. Ile moja ya ziada inasema uhusiano haujafungwa, bado unaendelea. Huko Tanzania ambako sarafu ya shilingi moja haionekani tena mkononi, weka noti na sarafu ndogo yoyote ndani ya bahasha. Zamani mwanafunzi alimwendea mwalimu na kuni mkononi kwa ajili ya moto wake, wala hakuna aliyedaiwa zaidi ya uwezo wake.

Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, inataja njia tatu za kuipata elimu kwa mwalimu: kuinama, kuuliza na kutumikia. Ile ya kati husahaulika. Mwanafunzi asiyeuliza anamnyima guru nusu ya heshima yake. Andaa swali moja la kweli kabla ya siku hiyo, ulipeleke pamoja na maua.

Hapa inapasa kusema jambo zito. Kuinama hakumaanishi kukabidhi akili, mwili au hati za nyumba. Maandiko yanamtaka guru awe ameyajua maandiko na awe amesimama imara katika ukweli, na Mahabharata, utenzi mkuu wa Kihindi, inasema waziwazi kwamba guru mwenye kiburi, asiyejua la kufanya na lisilofaa, aliyeshika njia potofu, aachwe. Kumwacha huyo ni sehemu ya heshima yenyewe.

Asiye na guru, na aliyealikwa

Asiye na guru hafungiwi mlango. Weka picha ya Vyasa, ya Krishna, au ya Shiva kama Dakshinamurti, mwalimu anayefundisha kwa ukimya. Au weka kitabu unachojifunzia. Dattatreya, katika Bhagavata Purana, anawahesabu waalimu 24, ardhi, njiwa na nyuki wakiwemo. Siku hii pia ni ya mwalimu aliyekufundisha kusoma, kupiga tabla au kucheza ngoma. Nepal huiadhimisha kama siku ya walimu.

Ukialikwa na jirani hekaluni, vua viatu na soksi mlangoni, usiende na kitu cha ngozi, peleka matunda au maua. Prasad pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake. Katika mahekalu ya Swaminarayan, moja ya madhehebu ya Kihindu, watawa wa kiume hawagusani wala hawazungumzi na wanawake. Dada atatoa heshima zake kutoka upande wa wanawake, na hilo si dharau kwake, ni kiapo chao. Anayefunga hula matunda, viazi, karanga na sabudana, punje zitokanazo na wanga wa muhogo. Mjamzito na mwenye kisukari wasifunge.

Kuanzia kesho yake

Maua yaliyotolewa usiyatupe jaani. Yafukie kwenye shina la mti. Maji ya chungu nyunyiza nyumbani, mabaki mwagia mimea. Mchele wa akshata, kama haujachanganyika na kumkum, tia kiasi kwenye wali wa nyumbani.

Kisha chagua fundisho moja la guru, moja tu, ulishike kila siku mpaka Ekadashi, tithi ya 11 ya nusu ya mwezi unaokua, ya mwezi wa Kartika (Oktoba au Novemba), Chaturmas inapokwisha: mzunguko mmoja wa mala, ukurasa mmoja, au kutosema neno la hasira kabla ya saa sita mchana. Liandike kwenye karatasi uiweke chini ya picha. Ukikosa siku moja, endelea siku inayofuata kwa kipimo kile kile, usilipe mara mbili. Deni likirundikana ndipo watu wanapoacha kabisa.